Kabla ya Kusema "Wameharibu"

Leo nina mazungumzo juu ya neno moja dogo ambalo sisi watu wa mjini tunalitumia kwa wepesi mno. Neno lenyewe ni "wameharibu". Bendi ikibadili mdundo, wameharibu. Taarabu ikiingizwa kinanda cha umeme, wameharibu. Bibi harusi akivaa nguo ambayo mama yake hakuivaa, wameharibu. Na hivi karibuni nimelisikia likitamkwa juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalitazama kwa mbali, nalo ni ngoma za jadi za Kihindi, pale vijana wanapotia ndani yake madoido ya kisasa.

Huenda msikilizaji mmoja anajiuliza: ngoma ya Wahindi inatuhusu nini sisi wa Temeke na Manzese? Inatuhusu. Katika miji yetu wapo watoto waliozaliwa hapa hapa, wanaosema Kiswahili kama mimi na wewe, ambao siku ya mapumziko huvaa njuga na kwenda kufundishwa ngoma iliyotoka Tanjore au Lucknow. Wanapopanda jukwaani sisi tumo miongoni mwa watazamaji, na kesho yake magazeti yetu ndiyo yanayowahukumu. Anayehukumu ana wajibu, hata kama kesi ni ya ngeni kwake.

Wengi wetu ngoma ya Kihindi tulifundishwa na sinema. Waliokuwa wakipanga foleni Avalon na Empire hapa Dar es Salaam wanamkumbuka Hema Malini katika Sholay ya mwaka 1975, akicheza pekupeku juu ya vipande vya chupa ili mpenzi wake asipigwe risasi. Waliowatangulia wanamkumbuka Vyjayanthimala. Lakini ngoma ya sinema ni pilau. Mchele wake waweza kuwa wa jadi, viungo vimetoka kila soko. Vyjayanthimala mwenyewe alikuwa mchezaji hasa wa bharatanatyamu, na alijua vizuri wakati gani anacheza ngoma ya walimu wake na wakati gani anaichezea kamera. Mtazamaji ndiye asiyejua. Hapo hutokea kichekesho: mtu anamshutumu binti wa watu kwa kuiacha jadi, na ukimbana akueleze jadi anayoikusudia, unakuta ni wimbo wa filamu ya mwaka 1988.

Jadi yenyewe basi ni ipi? Taasisi ya taifa ya sanaa za maonyesho ya India, Sangeet Natak Akademi, inazitambua ngoma 8 kuwa ni za kale zenye kanuni. Iko bharatanatyamu ya nchi ya Watamil, iko kathaki ya Kaskazini, ziko kathakali na mohiniyatamu za Kerala, kuchipudi ya Andhra, odisi ya Odisha, manipuri ya Manipur na satriya ya Assam. Hiyo ya mwisho iliingizwa katika orodha mwaka 2000, kwa hiyo hata orodha ya mambo ya kale huongezwa. Garba na dandia za siku za Navaratri, ambazo wakazi wa Upanga na Kisutu wanazijua, hazimo. Hizo ni ngoma za watu wote, na UNESCO iliiweka garba ya Gujarat katika orodha yake ya urithi mwaka 2023. Katika garba mwenye hariri na mwenye raba huzunguka pamoja, na wakiongeza taa za disko sioni wa kumshitaki. Mashitaka huwa makali katika zile 8, kwa sababu zile zina kanuni.

Nichukue bharatanatyamu, maana ndiyo iliyoleta kesi yetu. Mchezaji husimama visigino vimekaribiana, vidole vya miguu vinatazama pande, magoti yamekunjwa na kufunguliwa nje, mgongo wima kama mlingoti. Mkao huo huitwa aramandi, na mtoto huchukua miaka kuupata. Kutoka hapo unyayo hupiga sakafu bapa, kwa nguvu, na njuga hujibu. Hatua za msingi huitwa adavu, nazo ni kama herufi za alfabeti. Kila moja hufanywa kwa mwendo wa kwanza, kisha mara mbili ya mwendo huo, kisha mara nne, na hapo ndipo wengi hulegea. Iko sehemu ya mwendo mtupu usio na hadithi. Iko na sehemu ya abhinaya, ambapo uso na mikono hueleza jambo: mwanamke anamngoja mpenziwe, mtoto ameiba siagi ya mama. Nyuma ya yote hayo ipo tala, yaani duara la mapigo linalozunguka tangu mwanzo hadi mwisho. Mchezaji akipotea katika tala, hata awe mzuri kama hurulaini, amepotea.

Nimeyataja hayo kwa kirefu kwa sababu mhakiki wa haki huanzia hapo, kwenye mambo yanayoweza kuonekana na kuhesabiwa. Magoti yamekunjwa au hayakukunjwa. Unyayo umelifikia pigo au haukulifikia. Mambo hayo mtu wa Kariakoo anaweza kujifunza kuyaona kama mtu wa Chennai anavyoyaona.

Wako wanaosema kwamba ngoma hii imekaa miaka elfu mbili bila kuguswa. Hayo ni maneno matamu. Kitabu cha Natyashastra, ambamo kanuni nyingi zimetajwa, ni cha kale kweli. Lakini mpangilio wa onyesho la bharatanatyamu tunaouona leo, kuanzia alaripu ya kufungulia hadi tilana ya kufungia, unahesabiwa kuwa kazi ya ndugu wanne wa Tanjore, walioishi mwanzoni mwa karne ya 19, zama za mfalme Serfoji wa Pili. Mmoja wa ndugu hao, Vadivelu, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitia fidla ya Wazungu katika muziki wa Kusini mwa India. Leo fidla imekaa katika muziki ule kama mwenyeji, na hakuna anayedai irudishwe Ulaya, kama vile hakuna Mzanzibari anayedai fidla ya taarabu irudishwe.

Wenye ngoma ile walikuwa wanawake walioitwa devadasi, waliowekwa wakfu kwa mahekalu, wakicheza huko na katika mabaraza ya wafalme, pamoja na walimu wao wanaume. Ngoma ilijulikana kama sadir. Katika miaka ya 1890 ikazuka kampeni huko Madras ya kuwapiga vita wanawake hao. Miongoni mwa walioendesha vita hivyo baadaye walikuwamo watu wa nia njema, walioona wasichana wadogo wakinyonywa. Dakta Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake alitoka katika jamii ile ile, alikuwa mmoja wao. Sheria ya Madras ya kukataza wasichana kuwekwa wakfu ilipitishwa mwaka 1947. Pamoja na uovu uliokomeshwa, wanawake wale walipokonywa pia kazi yao, heshima yao na jukwaa lao. Ngoma ilibaki, wenyewe wakatolewa nje. Ndiyo maana mimi neno "wameharibu" hunitia baridi linapotamkwa karibu na sanaa hii. Huko nyuma limewahi kuwanyima watu chakula.

Wakati huo huo wengine waliikimbilia ngoma isife. Mwanasheria E. Krishna Iyer aliipigania, hata akavaa mavazi ya kike akaicheza mwenyewe mbele za watu. Rukmini Devi, binti wa Kibrahmini aliyezaliwa mwaka 1904, alijifunza kwa mwalimu Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, akacheza hadharani mwaka 1935, na mwaka 1936 akaanzisha chuo kinachojulikana kama Kalakshetra. Huyu ndiye aliyewatoa wapiga muziki nyuma ya mchezaji akawaketisha kando ya jukwaa. Akabuni mavazi mapya. Akatumia taa na mapambo ya jukwaa. Akapunguza mahaba ambayo kwa maoni yake yalikuwa yamezidi. Kabla ya yote hayo alikuwa amejifunza baleti, akivutwa na Mrusi Anna Pavlova. Hebu nijibu, msikilizaji: hayo yalikuwa mila au yalikuwa madoido ya kisasa?

Aliyempinga wazi ni Balasaraswati. Huyu alizaliwa mwaka 1918 ndani ya ukoo wa wenyewe, na bibi yake, Veena Dhanammal, alikuwa mpiga vina mashuhuri. Alishikilia kwamba mahaba yaliyomo katika ngoma hayakuwa taka za kusafishwa. Kwake yalikuwa ndiyo roho na ndiyo ibada. Alicheza Edinburgh mwaka 1963, na Satyajit Ray akamtengenezea filamu mwaka 1976. Kwa macho ya Balasaraswati, aliyeibadili ngoma ni yule yule ambaye wengi leo humtaja kuwa mlinzi wa jadi. Mimi moyo wangu uko kwa Balasaraswati, sifichi. Lakini siwezi kusimama hapa nikasema Kalakshetra ni uharibifu, maana kutoka chuo kile walitoka walimu walioifikisha ngoma mbali sana na Tanjore.

Na sisi tunalo letu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri, aliimba taarabu kwa Kiswahili, muziki ambao wakubwa wa Unguja waliuzoea kwa Kiarabu. Leo Siti ndiye jadi yenyewe. Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, na wapenzi wake hawakumwita mharibifu, walimwita profesa. Halafu miaka ya 1990 ikaja mipasho na rusha roho, tukaanza upya kulalamika. Lakini taarabu ina siku yake, leo nimepita tu.

Sasa nije kwenye kesi. Mwaka jana, katika ukumbi mmoja hapa mjini, nilimwona binti wa miaka 16 akicheza bharatanatyamu. Simtaji jina, wala mwalimu wake, wala ukumbi. Alianza na jambo la kale kabisa: msichana anakwenda mtoni kuteka maji, mtungi kiunoni, na Krishna anamvizia aupige mtungi kwa kijiwe. Hadithi hiyo imechezwa mara zisizo idadi. Kisha, bila kubadili mkono, mtungi ukawa ndoo ya plastiki, mto ukawa bomba la mtaani, na mahali pa Krishna pakawa na foleni. Ukumbi ulicheka kwa kujitambua. Ikafika zamu ya pampu, na pampu ikakohoa. Hapo ndipo binti alipotia breki dansi. Bega likakatika, kiwiko kikakatika, kiganja, vidole, kama umeme unaokuja na kuondoka, huku chini miguu inaendelea kupiga adavu. Mwishoni akaruka, akatua kwa goti moja, akateleza hadi ukingoni mwa jukwaa, mikono juu. Vijana wa nyuma wakapiga mbinja.

Kando yangu aliketi mzee wa Kihindi, mtu mpole, aliyekuwa akiniita "bwana mwandishi" tangu tulipoketi. Alitikisa kichwa, akasema, "Hii siyo." Nikamwuliza, "Ipi siyo, mzee wangu? Ya bega au ya goti?" Akakaa kimya kidogo. "Ya goti," akasema. "Ya bega sawa. Ile pampu niliiona."

Siku chache baadaye gazeti moja likaandika mistari miwili kwamba binti huyo ameiharibu ngoma takatifu ya Wahindi kwa breki dansi. Hapakuwa na zaidi ya hayo. Mwandishi hakusema ngoma ipi, hakusema breki ilikuwa wapi, wala kwamba kulikuwa na pampu. Baadaye mama yake alinipata kwa barua. Anasema binti ameziweka njuga katika sanduku la bati na hataki kusikia habari za ngoma. Wazazi wawili wengine wamewatoa watoto wao darasani wakiogopa kuandikwa. Mwalimu, ambaye hana mshahara mwingine ila ada ya wanafunzi, ameahidi kwamba mambo hayo hayatarudiwa. Hiyo ndiyo gharama ya mistari miwili.

Sisemi kwamba angeachwa asifiwe bure. Lau ningepewa nafasi ya gazeti lile, ningeandika kwamba mwanzoni aramandi yake ilikuwa nzuri, ameketi chini hasa, lakini alipofika mwendo wa tatu magoti yalianza kupanda, na msichana wa umri ule mwenye nguvu zake aambiwe hivyo bila kuonewa haya. Ningesema kwamba katika sehemu ya mtungi macho yake yalifuata mkono kama walimu wanavyofundisha, lakini palipokuwa na foleni macho yalikwenda ukumbini kutafuta waliocheka. Breki ya pampu nilihesabu kwa vidole. Tala ilikuwa ya mapigo 8, na kila mkato wa bega uliangukia pigo au nusu ya pigo. Haikuwekwa kwa ajili ya kupamba. Ukiiondoa, hakuna pampu, na bila pampu hakuna hadithi. Ile ya kuteleza kwa goti ni jambo jingine. Muziki ulikuwa wa kurekodiwa, na muziki wa kurekodiwa haumsubiri mtu. Duara zima lilipita binti yuko sakafuni hana la kujibu, na alipoinuka aliingia pigo la tatu badala ya la kwanza. Hilo ni kosa, na lingekuwa kosa hata kama badala ya kuteleza angepiga magoti kwa namna ya kale kuliko zote. Tena sielewi goti lile lilikuwa nini katika hadithi. Maji yalitoka? Ndoo ilimwagika? Nadhani ilikuwa njia ya kuomba makofi, na makofi aliyapata.

Maneno hayo nimemwandikia mama yake pia, pamoja na yale ya magoti kupanda.

Angalieni kwamba hakuna hata sentensi moja hapo iliyohitaji kuuliza kama breki dansi ni dhambi. Swali ni hatua mpya imefanya kazi gani mahali ilipowekwa, na hatua ya zamani iliyoondolewa kuipisha ilikuwa ikifanya kazi gani. Nitoe mfano wa baleti. Mchezaji wa baleti anatafuta kuiacha ardhi, anainuka juu ya ncha za vidole, anaruka kama asiye na uzito. Bharatanatyamu inaitafuta ardhi, inaipiga. Ukichomeka mruko wa baleti katikati ya adavu, umeunganisha kauli mbili zinazopingana. Huenda ndivyo ulivyotaka: huenda unacheza habari ya mtu anayetaka kukimbia kwao na anavutwa nyuma, na mapingano yale ndiyo yenye maana. Mhakiki aitafute kwanza maana hiyo. Akiikosa baada ya kuitafuta kwa moyo safi, aseme ameikosa, na aseme ni wapi.

Kitu kingine ni kwamba tunachokiita cha kisasa pengine si cha kisasa. Chandralekha, aliyeishi kati ya mwaka 1928 na 2006, alifundishwa bharatanatyamu na guru wa asili, akaicheza, akaiacha jukwaani kwa miaka, kisha akarudi na mambo yaliyowashitua wengi. Katika kazi yake ya mwaka 1985 inayoitwa Angika aliingiza mikao ya yoga na mapigano ya kalaripayatu ya Kerala. Vito alivivua, hadithi za miungu aliziacha. Wachezaji wake walikaa na kujinyoosha sakafuni polepole, polepole sana. Watu wakalalamika kwamba huo ni usasa. Lakini yoga na kalaripayatu ni za zamani kuliko mpangilio ule wa ndugu wanne wa Tanjore. Mhakiki aliyeandika "usasa" alikuwa anaandika tu kwamba hajawahi kukiona.

Na upya hauko miguuni peke yake. Mrinalini Sarabhai, aliyeanzisha chuo cha Darpana huko Ahmedabad mwaka 1949, katika miaka ya 1960 aliitumia bharatanatyamu kusema habari za wake vijana waliokufa kwa ugomvi wa mahari, mahari ya huko, ambayo upande wa mke ndio hutoa. Ngoma iliyozoea kumlilia Krishna ikamlilia jirani. Huko Ahmedabad hiyo hiyo Kumudini Lakhia, aliyefariki mwaka 2025, aliichukua kathaki, ngoma iliyozoea mchezaji mmoja, akaifanya ya kundi. Akaiondoa shela kichwani. Na katika kazi yake ya mwaka 1971, Duvidha, akacheza habari ya mwanamke wa kawaida wa nyumbani anayevutwa na maisha mengine. Alisemwa. Leo waliofundishwa naye ndio walimu, na nadhani baadhi yao watawasema wanaokuja.

Nisieleweke kwamba nawatetea vijana kwa kila jambo. Wapo, tena wengi, wanaoutumia usasa kama mwavuli. Hajui kukaa aramandi, basi anarukaruka. Hajui kushika tala, basi anaweka muziki wa disko ambao hata kuku hawezi kuukosa. Ukimwuliza anasema wewe ni mtu wa zamani, huelewi. Huyo aambiwe wazi. Katika kathaki mchezaji husokota tungo la hatua, hulirudia mara tatu, na mwisho wa mara ya tatu lazima unyayo uangukie pigo la kwanza la duara, ambalo huitwa samu. Ukumbi mzima hulingojea pigo hilo, na likikutana na tabla watu husema "vah!" kwa sauti. Basi mchezaji akitaka kuzunguka kwa kichwa chini miguu juu kama vijana wa New York, mimi sina ugomvi, maadamu anajua samu iko wapi. Kama hajui, kichwa chake na miguu yake vyote vimekosea pamoja.

Lipo pia jambo la jina. Akram Khan, aliyezaliwa London mwaka 1974 kwa wazazi wenye asili ya Bangladesh, alijifunza kathaki tangu utotoni kwa guru Pratap Pawar. Amecheza kathaki ya asili peke yake na wapiga muziki, na amecheza kazi mpya zenye kila namna ya mwendo. Lakini hakuuza moja kwa jina la nyingine. Uday Shankar kabla yake, aliyecheza na Pavlova huko London mwaka 1923, hakusomea ngoma ya kale katika nyumba ya guru, akajibunia ya kwake, nayo ikajulikana kuwa ni ya Uday Shankar. Hapo mtazamaji hana la kudai. Dai linakuwapo pale tangazo linapoahidi bharatanatyamu ya asili, tiketi imelipiwa, na ndani mnachezwa jambo jingine. Mtu aliyenunua samli akapewa mafuta ya kula ana haki ya kurudi dukani, hata kama mafuta yale ni mazuri. Kwa hiyo walimu wetu waandike katika karatasi ya programu, kwa Kiswahili cha kawaida, sehemu ipi ni ya kale, ipi wameibuni, na kwa sababu gani. Mistari mitano yatosha. Mzee aliyeketi nami angeisoma kabla taa hazijazimwa, asingehangaika.

Na tuangalie tunamsema nani. Mwanafunzi wa miaka 16 hakujitungia ngoma peke yake. Ipo akili ya mwalimu pale, na lawama ya muundo ni ya mwalimu. Mchezaji aliyeuza tiketi duniani kote anastahili ukali ambao mtoto wa onyesho la shule hastahili. Nashangaa kuona mara nyingi tunafanya kinyume: mgeni mwenye jina akija tunamsifu hata aliposinzia, mtoto wa hapa tunamchapa.

Wako watakaonitajia Subbudu. Jina lake hasa lilikuwa P. V. Subramaniam, aliyeishi tangu mwaka 1917 hadi 2007, na aliandika uhakiki wa muziki na ngoma katika gazeti la The Statesman mjini Delhi. Kalamu yake iliogopwa India nzima; alichoma watu kwa mzaha mpaka wengine wakamchukia. Ni kweli. Lakini Subbudu alikuwa mpiga harmonia, raga alizijua, tala alizijua, na aliyechomwa alijua amechomwa mahali gani. Hapa kwetu tumeuchukua ukali wake tukauacha ujuzi wake huko huko Delhi. Tena hata yeye sioni kwamba kila mzaha wake ulikuwa wa haki. Mzaha hukumbukwa kuliko onyesho, na aliyetaniwa hana gazeti la kujibia.

Mtu anaweza pia kusema tu kwamba hakupenda. Mimi sipendi taa za rangi nyekundu na kijani zikimwangukia mchezaji wa abhinaya, kwa sababu zinanificha macho yake, na macho ndiyo niliyokuja kuyaona. Hayo ni mapendeleo yangu nayasema hivyo. Mwandishi akisema "sikupenda", msomaji anamjua ni nani anayesema. Akisema "ngoma takatifu imeharibiwa", amejificha nyuma ya taifa zima na dini ya watu, na binti anabaki kujibu kwa wote hao peke yake.

Wahariri huniambia kwamba nafasi ni ndogo, matangazo ya biashara yamejaa, sanaa hupewa kipembe cha ukurasa. Nayaelewa, na mimi natoka humo humo. Mhariri aliye na mistari miwili tu aandike jina la ngoma, mahali pa onyesho, saa ya kuanza na bei ya tiketi. Hukumu aiweke hadi wiki atakapopata safu nzima, na siku hiyo amtume mtu anayeweza kuhesabu hadi 8 bila kupotea.